Honi ya Mizinga

Jumatatu, 4 Mei 2026

We Wilbroad, mjukuu gani unaingia kwa bibi yako mikono imejaa nyaya, shikamoo umeiacha barabarani? Nimemwambia hivyo hivyo. Akacheka. "Mke wangu, usinipige." Ufundi umeme kasomea mjini, adabu hakusomea.

Kaniletea honi ya kulinda mizinga. Uzio wa umeme wa kuzuia nyegere ninao — unapiga shoti, unanyamaza, unapiga tena. Ukifa sijui, asubuhi nakuta mzinga chini. Sasa kila pigo litapita kwenye kisanduku chake. Pigo ni fupi mno, na rilei, swichi inayoizuia honi isilie, ni nzito, inatikisika tu. Kwa hiyo katia transista. Pigo likiigusa inafungua njia, umeme wa betri unajaa kwenye kapasita kama maji mtungini, unaishikilia rilei mpaka pigo lijalo. Mapigo yakikoma au yakilegea, rilei inaachia — honi inalia.

Nimeelewa. Alidhani sitaelewa.

Mizinga ikifa, pori limekwenda. Marehemu mume wangu aliacha neno mbele ya ukoo: penye nyuki, miti haikatwi. Gerson, mdogo wake, anaitaka miti hiyo akaushie tumbaku. Anasubiri tu pawe kimya.

Alhamisi, 7 Mei

Aibu. Jumuiya imekuja kwangu kusali rozari, tuko tendo la tatu — honi! Watoto mbio. Eustadia, mwenyekiti wetu, akasema kumbe nyuki wangu nao wanaitikia Salamu Maria. Wakacheka, rozari mkononi.

Wilbroad uso ukamshuka. Akaenda kuchomoa waya wa honi. Eti nyasi zimerefuka, zinagusa uzio, zinanyonya umeme. Kesho atafyeka, ataurudisha.

Honi ilikosea nini? Ilisema kweli. Kainyamazisha kwa kuwa watu wamecheka.

Ijumaa, 8 Mei

Hajafyeka. Yuko Tabora mjini, kaitwa kazini. Mimi na goti hili, fyekeo siliwezi.

Jumamosi, 9 Mei

Nyegere. Mizinga imepinduliwa, masega yametafunwa, majana, watoto wa nyuki, yamemwagika chini, siafu wameshafika. Nyasi zimelalia waya. Honi iko juu ya nguzo, inatazama.

Gerson kafika kabla sijanawa uso. Na vijana, na mashoka. "Pole, shemeji. Ndiyo hivyo, nyuki wamekwisha." Anapapasa mti wa myombo kama anapapasa ng'ombe mnadani. Nikamwambia, mzinga ule wa pembeni haukuguswa, weka sikio. Hataki. Nikamuuliza, kama wamekwisha, unaogopa nini? Kanipa mgongo. Hajaondoka lakini, na vijana wake wameketi juu ya mipini ya mashoka.

Mimi nimeweka sikio. Wanavuma.

Wilbroad karudi na bodaboda, anaanza, "Bibi, nisamehe, nilikuwa..." Sitaki. Msamaha haufyeki nyasi. Shika fyekeo sasa hivi. Anzia pale miguuni pa babu yako Gerson, na asiposogea, wewe fyeka tu.