Majina ya Ikibiri

Jumatano, 8 Novemba 1995

Leo mgeni ameongea na mimi na sikukimbia.

Anaitwa Gabrieli. Alikuja hapa Mishamo, kwenye makazi yetu wakimbizi wa Burundi, mwezi wa tisa, amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Jioni vijana wanakwenda kwake kusikiliza habari za Burundi. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya mashine, naandika majina ya watu kwenye mifuko yao kwa mkaa. Tangu nimalize darasa la saba hiyo ndiyo kazi wanayonipa. Akauliza, mwandiko huu ni wa nani? Nikaangalia miguu yangu. Mama yake rafiki yangu Romana akanijibia — wa bubu wetu huyu, binti Melkior, ukitaka aseme mpe penseli. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema ana kazi inayotaka mwandiko kama huo.

Nina miaka kumi na sita. Ni mara ya kwanza kuambiwa kitu changu kinatakiwa.

Ijumaa, 10 Novemba

Majina kumi na nne. Kwanza niliandika kwa penseli nyuma ya daftari hili, halafu kwa kalamu kwenye daftari lake, bila kufuta hata herufi moja.

Alisema ni watu wa kufanyiwa ikibiri. Nimefurahi. Nilidhani ikibiri kitatufia hapa, maana siku hizi kila mtu analima chake. Wazee wanasema Burundi watu walikuwa wanakwenda kijiji kizima kulima kwa mtu mmoja, leo kwake, kesho kwako, yeye anapika pombe tu na maharage. Wa kwanza kwenye orodha ni Séverine, jirani yetu. Tangu mumewe afariki shamba lake la upande wa mtoni limekuwa pori.

Wa tano ni baba yake Romana. Hapo sikuelewa, ana vijana wawili wenye nguvu, wanamlimia. Nikafikiri labda ni heshima tu. Sikuuliza. Mimi siulizi.

Vijana waliokuwepo walitazamana wakatabasamu. Gabrieli akaniambia nisimwambie mtu. Ni zawadi, alisema, na zawadi haitangazwi.

Jumapili, 12 Novemba

Nimemwambia Séverine. Sikuweza kukaa nalo. Tulikuwa tunatoka kanisani na alikuwa anahesabu kwa sauti siku zilizobaki kabla mvua haijakolea, na hana wa kumsaidia hata tuta moja.

Alinishika mashavu yote mawili. Mwana wanje, mwanangu, alisema, kumbe watu bado wananikumbuka. Jioni nilimwona ameshaloweka mtama wa pombe.

Jumatano, 15 Novemba

Séverine alikuja asubuhi kumshukuru Baba. Alidhani Baba, kwa kuwa ni katekista, ndiye aliyepanga. Baba akauliza, ikibiri gani? Séverine akacheka, akasema usijifanye Melkior, binti yako ameshanitobolea siri.

Alipoondoka Baba aliniita. Nilimwonyesha ukurasa wa penseli. Alisoma polepole, kidole juu ya kila jina. Alipofika la kumi na nne alirudi la kwanza. Halafu akakaa chini, palepale kwenye udongo, na suruali ya kazi.

Nani amekuambia uandike hawa? Nikamwambia. Akasema, Vénérande, unajua hawa wana nini pamoja? Sikujua. Kwetu hakuna anayetaja. Mama yake Séverine alikuwa Mtutsi. Bibi mzaa baba yake Romana, Mtutsi. Mama yake yule fundi baiskeli pia. Kumi na nne, kila mmoja ana damu hiyo upande mmoja. Wenyewe ni Wahutu, alisema, kama sisi, wamekimbia na sisi, wamezika na sisi.

Nikamwambia Baba kwa Kirundi, lakini Data, ni ikibiri. Akasema, ndiyo. Kusafisha shamba. Wanang'oa nini, unafikiri?

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshika kisamvu mkononi na hakukiweka chini muda wote.

Baba hajawahi kunisimulia mwaka sabini na mbili, Wahutu walipouawa kule Burundi. Leo amesimulia, kwa maneno machache. Majina yalisomwa mbele ya soko. Kaka zake wawili waliitika. Walidhani wanaitwa mkutanoni, wakavaa mashati safi, hawakurudi. Mimi nilikimbia orodha, alisema. Nimetembea kwa miguu hadi Tanzania kuikimbia orodha. Sasa imeandikwa nyumbani kwangu, na mwanangu.

Aliuchana ukurasa akauweka mfukoni. Nimelia, lakini si mbele yake.

Alhamisi, 16 Novemba

Wanaume saba wamekaa kwetu mchana wote kwa sababu ya mvua. Mimi nilipeleka viazi na chumvi, nikarudi jikoni. Ukuta wa jikoni ni miti tu, kila kitu kinasikika.

Mzee Nashon, mwenyekiti wa kijiji, alitaka Gabrieli apelekwe ofisi ya makazi. Mwingine akamwuliza, na ushahidi? Karatasi ya ikibiri? Watatuuliza tangu lini kulimiana ni kosa. Wakacheka, kicheko cha puani.

Baba yake Romana akasema Gabrieli hajamgusa mtu bado. Mtampiga mtu kwa sababu ya maneno?

Baba akamwambia, wewe ni wa tano kwenye karatasi.

Naijua namba yangu, Melkior. Ndiyo maana nasema mimi.

 Baba akasema hata kule Burundi yalianza kama maneno, tukakaa tunasali, na mimi nilikuwa wa kwanza kupiga magoti.

Waliongea sana. Mmoja alisema fimbo chache, aondoke, vijana wake waone. Mwenyekiti akasema tusimuue. Kila mmoja akarudia, tusimuue. Nilisikia sauti saba. Baba pia.

Walipokuwa wanatoka, mzee Nashon alisema basi, Jumamosi, ikibiri kwa Séverine, na Gabrieli aalikwe. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Neno lilelile.

Ijumaa, 17 Novemba

Nilikutana na Gabrieli kisimani. Alinibebea ndoo mpaka njia panda. Mwandishi wangu, mbona umenyong'onyea? Nikasema hamna kitu.

Alisema amealikwa ikibiri kesho na amefurahi, wazee wameanza kumpokea. Angeweza kuondoka. Baiskeli yake ilikuwa pale, imeegemea mti. Neno moja tu lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni na sikulitoa, na sijui kama nililizuia kwa ajili ya Séverine au kwa sababu mimi huwa sisemi.

Jumamosi, 18 Novemba

Sikwenda shambani. Mama alinizuia. Lakini mtoni si mbali.

Nilisikia wimbo wa kulima. Halafu wimbo ukakatika. Halafu kitu kingine, kama mtu anapiga godoro lenye vumbi. Muda mrefu. Mtu anapiga kelele kwa Kirundi kumwita mama yake. Halafu hakuna kelele, na kupiga kunaendelea. Halafu hakuna.

Halafu wimbo ulianza tena.

Walilima! Walilima shamba lote la Séverine, kuanzia mtoni hadi barabarani, na matuta yamenyooka. Hawakunywa pombe.

Baba amerudi jioni. Mpini wa jembe lake una ufa. Ameuweka nyuma ya nyumba, halafu ameurudia, ameuingiza ndani ya moto pamoja na ule ukurasa na daftari walilomnyang'anya Gabrieli. Hakula.

Jumapili, 19 Novemba

Baba aliongoza ibada. Mkono wake wa kulia umevimba, hakuweza kufungua kitabu. Baba yake Romana alimfungulia, ukurasa kwa ukurasa, bila kumtazama.

Jumatano, 22 Novemba

Gabrieli hajafa. Walimwacha ukingoni mwa shamba wakidhani atajikokota aende zake. Séverine alimkuta giza likiingia, akamvuta kwa kitenge hadi kwake.

Mama ananituma na uji, asubuhi na jioni. Kichwa chake kimefungwa kwa shuka. Jicho moja halionekani. Alikuwa mzuri wa sura, hilo siwezi kumwambia mtu yeyote. Ana harufu.

Baba alikwenda kuongea na Séverine na mimi nilikuwepo. Alisema, Séverine, huyu alikuandika. Namba moja.

Séverine akasema anajua. Mmenipigia mtu shambani kwangu, kwa jina langu, na matuta yangu yana damu yake, alisema. Ni nani kati yenu aliyekuja kuniuliza?

Baba akasema tungekuuliza ungesema nini.

Ningesema nipeni nauli niende Mpanda mjini. Ningesema mfukuzeni. Ningesema sijui. Lakini ningesema mimi.

 Baba akasema ungekuwa maiti sasa, na ningekuzika, na ningejilaumu. Hivi ninajilaumu na wewe uko hai. Nimechagua.

Njiani aliniambia, siku akisimama uniambie. Nikauliza, mtamfanya nini? Alisema wapo wenzake kwenye makazi ya Katumba, wana baiskeli, wakijua yuko hai na anaongea watakuja. Hilo halikuwa jibu la swali langu.

Ijumaa, 24 Novemba

Ameongea. Anamwita Séverine mama. Séverine alimlisha kijiko kwa kijiko huku anamwambia majina ya ndugu zake waliouawa, wa upande wa baba waliouawa na Watutsi, na wa upande wa mama waliouawa na Wahutu. Alitaja wote kwa sauti ya mtu anayechambua maharage. Gabrieli alikuwa analia kwa jicho moja. Nilitoka nje.

Nyumbani Mama na Baba wamegombana kwa sauti ya chini. Mama alisema mlisema mtamfukuza, sasa mnangoja apone ili mmalize. Baba alisema hakuna aliyesema kumaliza. Mama akasema, basi mwambieni Vénérande mnangoja nini. Kisha akasema, na mkimaliza huyu, Melkior, ataandikwa nani baada yake? Mtapata mwandiko wapi?

Hakumaanisha kuniumiza. Nimeumia.

Nafikiri hivi. Kama wasingempiga, labda Séverine hayupo. Hiyo ni kweli. Nikiiandika inakaa vizuri. Lakini nikikumbuka mtu anavyoita mama yake halafu ananyamaza na wanaendelea, ile kweli ya kwanza haikai. Mwalimu wa hesabu alisema jawabu sahihi hukaa hata ukilirudia. Hili kila nikilirudia linatoka tofauti.

Jumamosi, 25 Novemba

Asubuhi nilimkuta amesimama.

Amesimama peke yake, ameshika nguzo ya mlango, Séverine yuko kwenye matuta anapanda mahindi. Alitembea mpaka kwenye kigoda na kurudi. Akacheka kidogo, akaona aibu kwa sababu ya meno yaliyovunjika. Mwandishi wangu, alisema, kaa hapa.

Nikakaa. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima.

Aliniambia huyu mama ni mtu. Hajawahi kuona mtu kama huyu. Alisema usiku mzima anafikiri juu yake. Alikuwa anamaanisha, nilimwona. Moyo wangu ulifunguka. Nikafikiri, basi, imekwisha, Mungu amefanya kazi, sasa namwambia Baba amesimama na amebadilika, na hakuna wa kumgusa.

Halafu akasema daftari walilichukua lakini majina anayo kichwani. Akaniambia nichukue penseli. Tuandike upya, alisema kwa upole. Huyu mama mtoe. Ukianza na wa pili, wanabaki kumi na tatu.

Akaanza kutaja. Fundi baiskeli alikuwa wa tatu, sasa ni wa pili. Baba yake Romana, wa nne. Anawataja bila hasira, kama mtu anayefanya hisani kwa kupunguza mmoja. Romana nilikaa naye dawati moja miaka saba.

Sikuandika. Nilisema nimesahau penseli. Akasema kesho, basi.

Nilipofika nyumbani Baba aliuliza, kama anavyouliza kila siku, ameamka? Nikasema bado amelala. Ni uongo wangu wa kwanza kwake. Umetoka mwepesi kuliko ukweli wote niliowahi kusema.

Jumapili, 26 Novemba

Sijalala. Nikisema amesimama, watakwenda, na safari hii hawatasema tusimuue. Nikisema bado, atapona kabisa, atapanda baiskeli. Séverine ametolewa kwenye orodha peke yake na hajui. Nikimwambia Séverine, nitampokonya mtu aliyemlisha. Mama nimeshindwa kumtazama.

Nimefikiria kwenda ofisi ya makazi mwenyewe. Niseme nini? Kwamba mtu ametaja majina ya watu wa kulimiwa. Na aliyempasua kichwa ni nani? Ni Baba.

Kengele ya kwanza imelia. Baba ameshachukua kitabu. Mkono umepungua uvimbe. Barabarani watu wanapita kwenda kanisani, wamefika kina Romana, baba yao mbele na mwavuli, Romana ananipungia nitoke twende wote.

Baba amesimama mlangoni. Ameuliza. Nikajifanya natafuta kiatu. Sasa ameuliza tena, taratibu, kama anavyouliza watoto wa komunio, na hakusema ameamka. Amesema, Vénérande, jana umekaa kwa Séverine muda mrefu. Amesimama, au hajasimama?

Nimemwambia, Data, ngoja nimalize mstari huu.