Fimbo ya Kupimia Bahari

Oli, Arua

Dada yangu mpenzi Agnes Keji,

Pokea salamu nyingi za kaka yako. Mko aje huko Koboko? Mguu wa mama umeacha kuvimba? Mimi iko mzima, tumbo linakua kama la mbunge. Ila usingizi umenihama.

Unanijua: mutu wa darasa la sita, lakini kule Kilifi wenye kazi ya gati waliniita profesa. Nilikuwa naingia baharini na fimbo ndefu yenye namba, naisimamisha chini, napiga kelele kina ni ngapi. Mdogo wetu Lado nilimwita mwenyewe aje anishikie kamba.

Mhandisi wetu, mama Elena, alituambia tupime upya kila asubuhi. Alisema wimbi la upole husukuma mchanga kuja ufukweni, lakini wimbi la hasira huukwangua, likaurundika mbali na kuacha handaki hapa karibu. Maji yakijaa nyuma ya lile tuta hutafuta mwanya, yanatoka kwa nguvu na kuchimba zaidi. Nilimcheka. Nikamwambia sisi Wakakwa tunavuka mto palepale alipovukia babu, na mawe hayajahama.

Basi dhoruba ikapiga siku mbili. Asubuhi ya tatu Lado akaniuliza kama tutapima kwanza. Nikamjibu kwamba sakafu ya bahari hii ninayo kichwani, maji ni ya kiuno, atembee tu. Alitembea hatua kama ishirini, ananitania kwamba profesa anaogopa baridi. Kisha hakukuwa na chini. Mkondo ulimpitisha kwenye mwanya ule, na tuta lenyewe halikuwa mahali nilipoliacha. Tulimtafuta siku tisa.

Keji, nyumbani niliwaambia aliingia majini amelewa. Hakuwa amelewa. Hakuonja hata tone. Aliuliza swali la akili, nikamjibu kwa majivuno, nikamuua. Halafu nikaliua na jina lake.

Kwa uongo wangu mjane wake Santina ametolewa kwenye kwaya, na mwanawe anaitwa mtoto wa mlevi kisimani. Na siku ile nilipoleta mchanga ambao wazee waliagiza, tuuzike badala ya mwili, Santina alinichinjia kuku kunishukuru. Nikamla, mpaka shingo. Hata mchanga huo, dada, niliuchota palepale, lakini si ule aliokanyaga. Ule ulikuwa umeshakwenda.

Jumamosi mnamaliza matanga. Soma barua hii mbele ya wote, sauti juu, kabla ya chakula. Ila kabla ya hao wote, Santina asikie wa kwanza. Mimi nitakuja na gari la asubuhi, nitasimama nje ya uzio mpaka niitwe. Nisipoitwa, najua njia ya kurudi. Ile haihami.

Nisalimie mama taratibu, umshike mkono kwanza. Wasalimie na watoto. Asiniwekee mtu chakula.

Ni mimi kaka yako,
Yugu