Nyota Tatu za Muuguzi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo, na kwa kuwa daktari ameanza kuzungumza nami kwa sauti ya mtu anayetoa pole, bora niliandike. Kila jioni muuguzi wangu akishafunga mlango, simu hulia na kuniuliza: Umehudumiwaje leo? Chini yake nyota tano. Mimi hugusa tatu.

Si kwamba ananihudumia vibaya. Ananigeuza kitandani bila kunifanya nijione gunia. Ananinyoa bila kunikwaruza. Anacheka visa vyangu vya mahakamani, hata vile vinavyomzidi umri. Na hapo ndipo penye shida — kampuni iliyomleta huwahamishia wenye nyota tano kwenye hospitali yao mpya, kazi ya kudumu, likizo, sare yenye jina kifuani. Mwenye tatu hubaki alipo. Kwangu.

Mimi! Hakimu mstaafu wa mahakama ya kazi. Niliyeandika kwamba mwajiri anayemnyima mfanyakazi sifa zake ili asimpoteze ni mwizi aliyevaa tai. Wanafunzi wa sheria waliikariri sentensi hiyo. Ni sentensi nzuri, kwa kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja uso umemshuka. Hata shikamoo yake ilikuwa ya kusukumwa. Kampuni imebadili utaratibu: sasa kompyuta ndiyo inayoamua, na nyota tatu si wastani tena, ni "hatari". Tatu zake zisipopanda kufikia Jumatano adhuhuri, kazi hana. Nikauliza nani amesaini uamuzi huo. Hakuna aliyesaini. Bosi wa siku hizi, akasema, hana hata kiti. Utaenda kumlilia wapi?

Ana wateja wawili tu: mimi, na mjane wa ghorofa ya juu anayelalamikia hata jua. Kampuni haimwambii nani ametoa nyota zipi, lakini ameshaamua mbaya wake ni mjane.

"Kikulacho ki nguoni mwako, babu," akasema, huku akinifunga vifungo vya shati.

Nikamwambia wapo watu wenye roho ngumu, mwanangu. Nimesema hivyo kwa kinywa changu hiki.

Ijumaa, 7 Machi

Ameniomba nimwandikie rufaa. "Wewe ulikuwa unawanyoosha mabosi, babu. Ninyooshee na huyu asiye na kiti."

Nimeandika asubuhi nzima, mito mgongoni. Nilikuwa nimesahau utamu wake! Mtuhumiwa ana haki ya kumjua anayemtuhumu. Anayehukumu asiwe na maslahi yake katika kesi. Mtoa nyota nimemchapa kisawasawa — "mtu anayekula jasho la mwenzake, kisha anajificha nyuma ya kioo". Mkuki kwa nguruwe! Nikamsomea. Akafuta machozi. Akasema mjane akiyasikia hayo atahama mtaa.

Jioni simu ikauliza. Nikagusa nne. Nikajiona mkarimu.

Jumatatu, 10 Machi

Rufaa ilitumwa saa ya chai na ikajibiwa kabla chai haijapoa. Mimi nilikuwa nikikaa na kesi miezi, wakaniita mvivu. Jibu: Tunathamini maoni yako, ombi limekataliwa. Chini yake, kwa herufi za sisimizi: mteja mwenyewe anaweza kurekebisha nyota alizotoa, kabla ya muda kwisha.

Akaisoma sehemu hiyo mara mbili. Akavua aproni, akapanda juu kumbembeleza mjane.

Sikumzuia. Ningeweza kumwita. Ngazi zetu zina mwangwi, sauti yangu ingefika.

Jumanne, 11 Machi

Mjane alimwonyesha simu yake. Tano, tano, tano, hadi mwanzo. Kisha akamfungia mlango — akamwambia hajawahi kutukanwa hivyo tangu afiwe.

Hayo alinisimulia leo alipoingia. Akatandika kitanda ambacho kilikuwa kimetandikwa. Nikangoja. Hatimaye akakaa karibu nami, akauchukua mkono wangu wa kulia kama mtu anayeokota yai.

"Ni mkono huu, babu, eh? Umeanza kutetemeka. Unataka kugusa tano, unaangukia tatu. Kwa nini hukuniambia? Ulinionea haya?"

Alinipa utetezi ambao wakili yeyote angeulipia. Nami nikautetemesha mkono.

Akasema kesho, akishaninyoa, atanishikia kidole tuzirekebishe pamoja. Akacheka. Anadhani ameokoka. Na kweli ataokoka, kwa uongo wangu — kisha hospitali mpya, sare, jina kifuani. Na mimi nitaletewa mwingine, wa kunigeuza kama gunia.

Jumatano, 12 Machi

Alikuwa ameninyoa upande mmoja. Wembe ulikuwa shingoni, anaimba chini chini. Nikasema, kwa kuwa kama nisingesema hapo, nisingesema tena:

"Mkono ni mzima, binti. Zile tatu ni zangu. Nilitaka ubaki."

Wembe ukasimama. Nilikumbuka washtakiwa wote walioniambia kwamba ukweli unamweka mtu huru. Hakuna aliyekuwa amewekewa wembe shingoni.

Akausuuza wembe, akaukausha, akaulaza juu ya taulo kama anavyofanya siku zote. Akaweka simu yangu mezani, mbele yangu. Akaenda jikoni. Bomba linamwaga maji na hakuna chombo kinachogonga chombo.

Adhuhuri haijafika. Nikizirekebisha, anaondoka. Nisipozirekebisha, anaondoka. Kumbe hii ndiyo haki yenyewe: kitu ambacho hakinisaidii kwa lolote. Miaka yote ile niliigawa bila kuionja.

Shavu moja laini, jingine povu linakauka na kuwasha. Bomba bado linamwaga.

Mezani kulikuwa na simu, na pembeni yake kalamu. Simu ndiyo ilikuwa karibu zaidi.

Nimechukua kalamu, niandike haya.