Sumaku za Gitaa la Baba Mdogo

Jumatatu, 9 Desemba 1996

Leo nimepiga gitaa mpaka ng'ombe wa jirani wameongeza maziwa. Kutoka hapa Kibosho hadi Chekereni hakuna vidole kama vyangu. Anayebisha alete vyake. Niliishia kidato cha pili, sawa, lakini nyuzi hazidai cheti.

Tatizo ni gitaa lenyewe. La baba mdogo Kasiani, jekundu, la kizamani, la enzi zake za bendi mjini. Sumaku zake mbili, zile zinazonasa sauti ya nyuzi na kuipeleka kwenye spika, zimechoka. Moja imekufa. Nyingine inakoroma kama mlevi wa mbege.

Alhamisi, 12 Desemba

Baba mdogo hatoki kitandani. Kifua. Jana nilimbeba, mwepesi kama majani makavu ya mgomba.

Kila Krismasi ndugu wakirudi kutoka Dar, hupiga wimbo wake kabla nyama ya mbuzi haijagawanywa. Mwaka huu pia anataka. Wote tunajua ni wa mwisho. Hakuna anayesema.

Kaniagiza mjini. "Tafuta sumaku laini kama hizo. Gitaa langu linaongea, halibwati kama wewe." Mgonjwa, lakini ulimi mzima.

Jumamosi, 14 Desemba

Moshi mjini, kwa mzee Mrisho, fundi redio. Nikampa shikamoo, akatazama matope ya viatu vyangu kwanza.

Ana seti mbili, akanifungia kila moja nijaribu. Moja ameitoa kwenye gitaa bovu la zamani. Sauti nyembamba, tamu, kila uzi unasikika peke yake. Nyingine mpya, imetoka Nairobi. Nilipoigusa tu, dirisha likatetemeka. Mama ntilie wa ng'ambo ya barabara akageuka. Mimi huyo!

"Bwana mdogo, gitaa la nani hili?"

"La kwangu."

"Haya. La kwako."

Nimechukua mpya. Fundi kazifunika kwa vifuniko vyeupe vya zile zilizokufa. Ukitazama, gitaa ni lilelile.

Jumapili, 15 Desemba

Nimepiga baada ya misa. Vijana wamepagawa. Baba mdogo alikuwa usingizini. Nilisubiri alale kwanza.

Jumanne, 24 Desemba

Wageni wamefika. Magari mpaka kwenye migomba ya watu. Baba mdogo anakohoa damu.

Sina raha. Nikipunguza sauti, nyuzi zinabanana, kama watu wanaoongea kwa pamoja. Asubuhi nimeshuka mjini nikabadilishe. Fundi kafunga, kaenda kwao Same.

Jumatano, 25 Desemba

Tulimketisha uani na blanketi. Watoto wakamzunguka. Akapiga kidogo, akaacha. Akalaza sikio kwenye mbao za gitaa. Akapiga tena.

"Umeweka zipi?"

"Zako zilezile, baba mdogo. Fundi kazungusha waya upya tu."

Ukoo mzima unanitazama. Ndiyo kauli iliyotoka mdomoni.

Akanirudishia gitaa taratibu. "Basi masikio yametangulia kufa."

Nyama ikagawanywa bila wimbo.

Jumamosi, 28 Desemba

Amefariki alfajiri.

Jumatatu, 30 Desemba

Tumemzika kihambani, kwenye migomba yake. Shangazi akaniambia, "Mpigie basi, si unajisifu kila siku?" Nimekataa. Wamesema nina majonzi. Waseme.

Jumamosi, 4 Januari 1997

Wageni wamerudi Dar. Fundi amerudi. Kanifungia zile tamu za gitaa bovu.

Nimepiga wimbo wake uani, peke yangu, spika chini kabisa. Ng'ombe hata hawakugeuka. Kila uzi peke yake. Ndiyo sauti yenyewe.

Masikio yake yalikuwa mazima. Yalisikia vizuri kuliko ya ukoo wote. Baada ya Krismasi nilimpelekea uji asubuhi na jioni, tukabaki wawili chumbani, mlango umefungwa. Nilipuliza uji, nikamnywesha, nikamfuta mdomo. Sikumwambia.