Ng'ombe wa Amos na Gemu la Radi

Mpui, 15 Januari 2024

Kaka Leonidas,

Shikamoo. Huku tu wazima. Coleta wangu anakohoa kidogo, mtoto anakula kama mgeni wa harusi. Shemeji na wote hapo Malangali hawajambo? Nakuandikia karatasi kwa sababu mtandao wa simu unashika pale kilabuni tu, na wanaonisema ndipo wanapokaa.

Unaikumbuka mashine ya gemu aliyoileta baba mdogo kutoka Tunduma, ile ya kupigana, damu ikiruka hadi mama anaifunika runinga kwa kitenge? Nimeitoa darini nikaichomeka. Ikawaka. Jumapili baada ya misa nikamwita jirani yangu Amos, yule Msukuma mwenye ng'ombe, tukacheza. Yeye akachukua lile jitu la shoka, mimi yule bibi mwenye mvi anayerusha radi kwa mikono. Nikamkausha akabaki mifupa. Watu waliojaa dirishani wakashangilia, nami kiburi kikanipanda, nikamwambia, "Hiyo ni salamu tu, Amos. Nyingine nakuletea zizini."

Kesho yake mchana radi ikapiga zizini kwake. Ng'ombe wawili chali.

Tangu hapo naheshimiwa kwa heshima nisiyoifanyia kazi. Jana mzee wa rika la baba aliniamkia shikamoo. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Vitus

Malangali, 20 Januari 2024

Mdogo wangu Vitus,

Marahaba. Sisi hatujambo, shemeji yako anawasalimu, anasema umwambie Coleta anywe tangawizi. Barua yako nimeicheka, kisha nikaacha kucheka. Ufipa nzima inajua radi za Januari. Lakini aliyefiwa na ng'ombe hatafuti hali ya hewa, anatafuta mtu.

Usiichome hiyo mashine, watasema umeficha ushahidi. Usiilete kwangu pia. Hata mimi nina majirani.

Swali moja, na usikasirike: kwa nini ulitaja zizi?

Kaka yako,
Leonidas

Mpui, 29 Januari 2024

Kaka,

Shikamoo. Afya ipo, ndiyo iliyobaki. Swali lako nimelisoma nikaona na wewe umekaribia kuniamkia. Nilitaja zizi kwa sababu Amos hana kingine cha kujivunia.

Ulipokuwa unaandika, Coleta alikwenda kwa mama yake kusaidia palizi. Palizi ya kwao iliisha Krismasi. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano, wakasimama watu kusema nihame, niache na shamba. Kumbe aliyenitetea ni Amos. Alisema mtu hahamishwi kwa maneno, runinga iletwe hadharani, na yeye mwenyewe atamshika huyo bibi wa radi tuone.

Ikaletwa. Wingu lilikuwa jeusi kama chungu cha pombe. Nilimwomba Mungu radi isipige popote, hata Zambia. Amos akanikausha mbele ya kitongoji kizima, akanirudia tena, na haikupiga hata kichuguu. Watu walitawanyika kama walionyimwa kitu. Amos akanipa mkono, akasema basi ilikuwa ya Mungu.

Coleta amerudi. Anasema palizi imeisha.

Mdogo wako,
Vitus

Malangali, 12 Februari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa yaliyopita. Hapa tu wazima ila vumbi. Nimefurahi umesafishwa. Lakini nimekaa nikawaza: tangu mkutano wenu huo hatujaona tone la mvua. Kwenu imenyesha? Kama haijanyesha, ifiche hiyo mashine kabla mwingine hajawaza kama nilivyowaza mimi.

Kaka yako,
Leonidas

Mpui, 20 Februari 2024

Kaka,

Shikamoo. Umechelewa, wameshawaza. Mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele na majani yamejikunja kama sigara. Wanasema nilikubali kushindwa kwa makusudi, nikaondoka na wingu langu.

Leo wamekuja wazee, Amos yumo. Hawakunitisha, na hilo ndilo lililonitisha. Walivua kofia mlangoni.

"Vitus mwanetu," mkubwa wao akasema, "washa. Mshike wewe yule bibi."

Nikaapa kwamba sijui lolote. Amos akainamisha kichwa, akasema, "Hatukuulizi unajua nini, jirani. Tunakuomba."

Nikikataa, nimewanyima chakula watoto wao. Nikikubali, nimekiri. Nikamtazama Coleta aniokoe. Aliinuka, akachomeka waya.

Nimecheza, kaka. Amos alishika jitu lake, nikamkausha. Hakuna aliyeshangilia. Wameshukuru, wamekwenda. Nje jua linawaka kama kawaida, na sijawahi kulipenda jua hivi. Likiendelea kuwaka, wataniona mjinga tu, nitabaki na shamba langu.

Mdogo wako,
Vitus

Mpui, 21 Februari 2024

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo sote. Barua hii naimalizia stendi; kondakta wa basi la asubuhi ataibeba, na amekataa nauli yake.

Inanyesha tangu jana jioni. Njoo na gari, tuhame.

Mdogo wako,
Vitus