Miche Yako Ilipandwa Ikiwa na Pakiti

Shosho,

Leo nimeandika namba kwa chaki kwenye kibao cha langoni shuleni, na kabla mvua haijaifuta nataka wewe uambiwe maana yake. Lakini siwezi kuanza na hiyo namba. Nikianza nayo utafikiri mambo yalikwenda vizuri tangu mwanzo, na hayakwenda. Kuna jambo nililifanya mwezi wa nne, au tuseme kuna jambo sikulifanya, na hata Mama hajui.

Ulipotuacha mwezi wa kwanza, kitalu chako pale kando ya barabara ya Murera kilibaki na miche mia mbili. Mimi na Mama tulikuwa tukienda kuimwagilia kila jioni, kila mmoja na debe lake. Wapita njia walisema "poleni sana," halafu baada ya hatua mbili wanarudi kuuliza kama kuna parachichi. Hakukuwa na parachichi. Ilikuwa miti yetu ya asili, miringa, miiri na mikinduri, ndani ya zile pakiti za maziwa ulizokusanya kwa majirani, ukaziosha na kuzianika kwenye kamba ya nguo kama soksi. Jirani yetu Mama Nduta alikuwa akikucheka: "Kwa Wambui mkubwa hata pakiti zina siku ya kufuliwa!" Zilizobaki tuliziweka kwenye gunia nyuma ya mlango. Hakuna aliyeweza kuzitupa.

Halafu ikaja kampuni moja ya biskuti kutoka Thika. Walitaka kupanda miti katika shule, na shule waliyoichagua ilikuwa yetu. Madam, mwalimu wetu mkuu, akawaelekeza kwenye kitalu chako, na asubuhi moja wakachukua miche yote. Mama alilia kidogo pale palipobaki mchanga mtupu. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiri, sasa Shosho atakuwa shuleni kwangu. Nikimaliza kidato cha nne nitaondoka, lakini yeye atabaki.

Madam alinichagua nitoe neno la shukrani kwa sababu mimi ni mjukuu wako. Pia kampuni ilikuwa imetuahidi tangi kubwa la kuvuna maji ya mvua. Unakumbuka mtungi wangu wa lita tano niliokuwa nabeba kila Jumatatu? Bado naubeba. Kila mwanafunzi anabeba wake, hata wale wadogo wa kidato cha kwanza wanaotoka mbali. Kwa hiyo siku moja kabla ya wageni Madam alituambia gwarideni, "Kesho nataka tabasamu. Jua likiwa kali, tabasamu. Wakichelewa, tabasamu."

Walichelewa. Kulikuwa na msongamano njiani, na walitakiwa kurudi Thika kabla ya chakula cha mchana. Walishuka kwenye mabasi manne, wamevaa fulana nyeupe zenye jani la kijani kifuani. Nataka ujue kwamba walikuwa watu wazuri. Hawakutudharau. Kila mwanafunzi alipewa pakiti ya biskuti, na mzee mmoja kati yao aliuliza majina yetu na akajaribu kweli kuyakumbuka. Mashimo tulikuwa tumeyachimba jana yake. Kila mgeni akasimama kwenye shimo pamoja na mwanafunzi, mpiga picha akapita mbele ya mstari, akahesabu moja, mbili, tatu, na wote wakashusha miche yao kwa pamoja.

Ikiwa na pakiti zake, Shosho.

Mimi nilikuwa na dada mmoja wa ofisini kwao anayeitwa Mercy. Alipogeuka kutazama kamera, nilitoa wembe wako kutoka kwenye mkebe wangu wa jiometri, nikapasua pakiti ya mche wetu na kuivuta nje. Hakuona. Shimo lililofuata letu lilikuwa la meneja wao. Yeye aliufukia wake vilevile ulivyokuwa. Kona ya buluu ya pakiti ilibaki imechomoza, akaisukuma ndani kwa ncha ya kiatu.

Nilikusikia. Nakuapia nilikusikia. "Wewe hulala na viatu?" Ulimuuliza hivyo kila mteja, hata pasta. "Basi mvue mtoto kwanza." Halafu unapasua pakiti mbele yake ili aone mizizi na asisahau.

Nikanyamaza. Walikuwa wageni, Madam alikuwa anatabasamu, na msingi wa tangi ulikuwa umeshapimwa kwa kamba nyuma ya darasa letu. Nikachukua kipaza sauti nikasema miche hii ililelewa na nyanya yangu, ambaye sasa ni marehemu, na leo imepata nyumba. Walipiga makofi sana. Yule mzee wa majina alifuta macho. Nilitumia jina lako, Shosho, kusifu kazi ambayo wewe ungeisimamisha kwa sauti ya kusikika mpaka Ruiru.

Mvua ilinificha kwa muda. Mwezi wa tano wote kila kitu kilikuwa kijani. Mwezi wa sita ukaleta ule ubaridi wake, mvua ikakatika, na mwezi wa saba majani yakaanza kuwa ya njano kuanzia pembeni. Mti mmoja tu uliendelea kupanda juu bila wasiwasi. Watu wakaanza kuuita mti wa Wambui. Mwalimu wa kilimo aliwaleta kidato cha kwanza wautazame, akawaambia, "Huyu amerithi mkono wa nyanya yake." Nikasema asante, Mwalimu. Hilo ni jambo la pili ambalo sijamwambia Mama.

Alhamisi moja wakati wa michezo nilichukua jembe nikafukua muiri mmoja. Mizizi ilikuwa imezunguka ndani ya pakiti, ikazunguka tena, imejibana kwenye kuta kama inatafuta mlango. Nduta wa jirani akanikuta nimepiga magoti.

"Wee Wambui, siku hizi unafukua miti? Umepoteza nini huko?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza yote, pamoja na wembe. Unamjua Nduta, hakosi la kusema, lakini alipiga magoti kando yangu, akaigusa mizizi kwa kidole.

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Siku hiyohiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alinitazama, halafu akachukua jembe mkononi mwangu. "Sogea basi," akasema.

Tulivua pakiti saba mpaka kengele ikalia. Udongo wa Murera ukikauka ni kama tofali, na hatukuwa na maji ya kutosha hata ya miche hiyo saba. Tulitumia ya mitungi yetu ya kunywa. Usiku huo viganja vyangu viliwaka, na nikajua kwamba mimi na Nduta hatutaimaliza miti hiyo kabla haijakufa.

Nikaenda kwa Madam. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. "Wambui," akasema, "msingi wa tangi umemwagwa zege wiki iliyopita. Ukiwaambia wamekosea, wanaweza kulipeleka kwenye shule isiyokosoa wageni. Mimi sikukatazi. Lakini ufikirie."

Usimkasirikie. Alikuwa anawafikiria wale wadogo na mitungi yao. Mimi pia niliwafikiria, siku tatu nzima. Nilifikiri pia juu ya kampuni. Wana lori, wana maji, wana watu wengi wenye nguvu. Sisi hatuna hayo, lakini tuko pale kila siku na tunaona. Walikuja na walichonacho. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuwapa, maneno machache na wembe, nikakiweka mfukoni. Wewe ulikuwa ukisema kampuni kubwa hazijali. Nadhani nyingine hazijali kweli. Lakini hii sikuwa nimeipa nafasi ya kujali, kwa sababu hakuna mtu aliyewaambia.

Nikaandika barua. Ilianza hivi: "Mimi ndiye mwanafunzi aliyetoa neno la shukrani. Niliona miche ikipandwa ikiwa na pakiti nikanyamaza, kwa sababu niliogopa tungekosa tangi." Nikaeleza habari ya wembe, na kinachotokea kwa mizizi. Nikaomba siku moja ya watu wao, na maji. Nduta aliisoma akasema, "Haiya! Umejishtaki mwenyewe halafu ukaomba maji!" Niliipeleka kwa Madam. Akaisoma mara mbili, akafungua droo, akaigonga muhuri wa shule.

Wiki mbili zikapita kimya. Kila gari lililopita barabarani lilinigeuza shingo, mpaka mwalimu wa hesabu akaniuliza kama jibu liko dirishani. Mti wa meneja ukaangusha jani lake la mwisho.

Halafu Jumamosi moja lori likaingia na mapipa ya maji. Hakukuwa na basi wala mpiga picha. Mercy alishuka amevaa gambuti, na nyuma yake watu kama ishirini wa kwenye tanuri, ambao mara ya kwanza hawakuja kwa sababu walikuwa zamu. Mercy alinishika mkono akasema, "Kwa hiyo ulipasua wetu mimi nikiwa natabasamu." Mmoja wao, Baba Njoki, ana shamba lake Kalimoni. Alifukua mche wa kwanza, akauinua juu wote waone, akasema, "Jamani, msitulaumu. Sisi kazi yetu ni kufunga vitu ndani ya pakiti. Kufungua hatujafundishwa!" Walicheka mpaka Mercy akakaa chini.

Nikawafundisha. Usivute. Pasua upande huu, pasua na huu, halafu toa polepole. Mizizi iliyozunguka, ikate mwisho wake, usiionee huruma. Nilikuwa nasikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu. Nikamuuliza hata Baba Njoki, "Wewe hulala na viatu?" Akasema, "Nikitoka zamu ya usiku, ndiyo!"

Karibu saa sita meneja alifika peke yake. Akaniomba nimwonyeshe wake. Nilitamani kumwonyesha mwingine.

"Huu ndio wangu?"

"Ndiyo."

Alikuwa ameinama juu ya kijiti kikavu. Alikifukua mwenyewe, akapangusa udongo kwenye pakiti, akaisoma kama mtu anayesoma barua. "Kwa nini hukuniambia siku ile?" Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

"Ulikuwa mgeni," nikamjibu.

"Na mimi sikuuliza," akasema. "Hata nyumbani kwangu anayepanda ni mtu mwingine." Halafu akaniuliza sasa wafanye nini. Nikamwonyesha kibao walichotuwekea langoni, kilichoandikwa kwamba kampuni imepanda miti mia mbili hapa. Nikamwambia kile kinahesabu siku moja tu.

Wakakipaka rangi upya. Sasa kimeandikwa "Miti iliyo hai," na chini yake kuna nafasi nyeusi ya kuandika kwa chaki. Lori la maji lilikuja kila Jumatano mpaka mvua ya vuli iliposhika wiki hii. Mercy ananiambia kuanzia sasa katika shule nyingine watarudi baada ya mwaka kuhesabu, ndipo waseme wamepanda. Sijui kama wataendelea. Watu wa ofisini hubadilika. Lakini ninaamini kwamba yeye anamaanisha.

Tangi bado halijafika. Wanasema muhula ujao. Kwa sasa kidato cha kwanza wanakalia ule msingi wakila chakula cha mchana, na Jumatatu bado tunabeba mitungi. Nilikwenda kumwomba Madam msamaha endapo halitakuja. Akasema, "Litakuja au halitakuja. Namba usiibadilishe."

Tumehesabu leo, mimi na Nduta, tukipita mti kwa mti na mvua mgongoni. Nduta alitaka tuandike mia moja na arobaini. "Nani atahesabu tena?" Nikamwambia mimi. Nimeandika 134.

Sitini na sita imekufa. Najua ungesema mingine ingekufa tu, hata kwako ilikuwa ikifa. Lakini si yote hiyo, Shosho. Mingi ilikufa kwa kimya changu, na leo jioni nitamwambia Mama, kabla hajasoma barua hii. Atashangaa, kwa sababu anafikiri mimi ni mtu wa kusema. Siku ya kukuvalisha kwa mazishi alileta viatu vyako vyeusi vya kanisani, na mimi nikasema hapana mbele ya shangazi zangu wote. Nikasema wewe hulali na viatu. Walinitazama vibaya, lakini Mama akavirudisha kwenye mfuko. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua kusema.

Baada ya kuhesabu, mimi na Nduta tumefungua lile gunia nyuma ya mlango. Tumejaza udongo pakiti sitini na sita na kuweka mbegu za mkinduri nilizookota kanisani. Miche yake itakapofikia kimo cha goti nitaipeleka shuleni mwenyewe, na nitasimama kwenye kila shimo, awe amesimama meneja au mtoto wa kidato cha kwanza. Nakuahidi nitasema palepale, tabasamu au hakuna tabasamu.

Wembe wako ninao. Pumzika, Shosho. Miguu yako iko wazi.

Wambui mdogo