Kigoda Chini ya Daraja

Shikamoo, Mama Daraja.

Kwamba hutaitika nimezoea. Kwamba hakuna mahali pa kwenda kukusalimia, hapo bado. Kwetu Newala mtu akifa tunamzika, tunajua kichwa kiko wapi na miguu iko wapi, na kama una hasira naye unakwenda kuisema pale pale. Wewe walikurudisha India, wakakuchoma kwa desturi yenu, majivu wakayatia mtoni. Sisi tuliomwaga zege na wewe tulipata habari kwa dereva wa boza la maji, akiwa anakojoa kando ya tairi. Ndiyo maana nakuandikia, kwa mwandiko ule ule wa darasa la tano uliokuwa ukiucheka.

Nina hasira, na nitaanza na wewe mwenyewe.

Kabla hujaja nilikuwa kibarua mzuri tu. Nikiambiwa ongeza mchanga, naongeza. Nikiambiwa saruji hiyo inatosha, inatosha. Jioni nakula ugali, nalala. Nimejenga Mwanza, nimejenga Kahama, sijawahi kuota ukuta. Ukaja wewe, injinia, na mabuti yako makubwa kuliko miguu, ukanionyesha zege linakauka vipi, na kwa nini. Sasa siwezi kuacha kujua. Halafu ukafa. Mama Kulwa wa pale kijijini alikwambia wazi, nenda hospitali ya Kolandoto ukapimwe presha, uso umekuvimba. Ukamjibu, "Nguzo kwanza." Nguzo zimesimama, Mama. Wewe umelala.

Jina la Mama Daraja alikupa yeye huyo Mama Kulwa, nakumbuka. Alikuuliza mtoto wako wa kwanza anaitwa nani ili ajue atakuitaje. Ukasema huna mtoto, una daraja, lile la upande wa Didia. Akafikiri kidogo, akasema basi hilo ndilo jina. Na alikuwa amekuja kukugombeza. Ilikuwa kiangazi, visima vimebaki tope, na sisi tunamwagilia zege lililofunikwa magunia, asubuhi na jioni. Akasimama na ndoo tupu kichwani: "Mhindi gani huyu ananywesha mawe? Ndama wangu analamba matope!" Tukacheka. Wewe hukucheka. Ulimpigisha magoti kwenye zege, ukamwekea mkono wake juu ya gunia lililolowa, ukamweleza kwamba jiwe hili ni kama mama aliyejifungua, akikosa maji siku za mwanzo hapati nguvu tena, hata umpe mto mzima baadaye. Tangu siku hiyo boza likipita kwanza linajaza ndoo za wanawake, halafu linakuja kwetu. Na wewe ukaanza kuoga kwa kikombe. Tulikuwa tunajua. Ulinuka jasho kama sisi.

Lakini ninachotaka kukukumbusha ni kigoda.

Siku lori la kwanza la pamba lilipopita juu ya daraja la Didia, ulichukua kigoda chako chekundu na zile sufuria zako tatu zinazopandana, ukashuka chini ya daraja, ukaketi katikati kabisa, ukaanza kula. Mzee Shija fundi mawe akakufuata mbio: "Mama, toka huko, lori limejaa." Ukamwambia, "Shikamoo Mzee Shija, karibu chapati." Lori likapita. Vumbi likaanguka kwenye dengu zako, ukalitoa kwa kidole ukaendelea kula. Baadaye sote tukashuka, tukala chini yake, na hapo ndipo ulipotuhadithia. Kwamba chuoni kwenu ulikuwa msichana peke yako na choo cha wasichana hakikuwepo, ukawa unatembea juani hadi nyumbani kwa mwalimu mmoja mwenye mke mwema. Kwamba kwenye kazi yako ya kwanza walikufungia ofisini kuchora, kwa sababu nyapara alisema mwanamke akisogelea msingi, msingi unazama. Masanja, dereva wa lori la pamba, akasema hata huku, mwanamke akikanyaga duara, lile shimo la wachimbaji, dhahabu inakimbia. Ukacheka hadi ukashika ubavu. "Kumbe mawe ya dunia nzima yanatuogopa."

Na ukasema kwenu ulianza desturi hiyo ya kula chini kwa sababu hakuna aliyeamini daraja lililochorwa na msichana. "Sikuwa na la kuwaambia, nikawaonyesha nilipokaa."

Sasa sikia yaliyotokea kwenye daraja lako la pili, hili la njia ya Bulyanhulu, ulilotuachia likiwa na nguzo tupu.

Walileta injinia mwingine. Si mjinga, usidhani. Anajua yote unayoyajua, nilimsikia akimweleza mgeni kuhusu kumwagilia zege, maneno yale yale. Tulimwaga zege la juu vizuri, tukafunika magunia. Kesho yake boza halikuja. Nikamuuliza, akasema lina hitilafu. Jioni nikaliona kwa macho yangu kwenye mwalo, pale wanapoosha mchanga wa dhahabu, limefungua bomba, maji yanamwagika kwenye makarai ya watu. Kesho yake tena. Maji ya daraja lako yalikwenda kutafuta dhahabu ya mtu, Mama. Magunia yakakauka yakawa kama ngozi. Wanawake nao hawakupata hata ndoo. Tulipoyaondoa, zege lilikuwa na nyufa kama kisigino changu. Akaamuru tupake uji wa saruji juu, likapendeza.

Watoto wa shule watapita hapo. Wagonjwa watapita hapo kwa pikipiki. Masanja atapita hapo na pamba.

Siku ya lori la kwanza walikuja watu wengi, maturubai, soda. Mimi nilikwenda stoo nikachukua kigoda chako. Nilishuka nikakiweka chini ya daraja, katikati kabisa, nikapanda tena, nikamwambia injinia mpya, "Mkuu, kiti chako kiko tayari. Hapa injinia anakula chini lori likipita."

Akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Akasema hizo ni imani za vijijini. Mzee Shija akasema, "Si imani, baba. Ni chakula tu. Shuka ule." Akatazama kigoda, akatazama lori, akatazama saa. Akasema ana kikao.

Masanja alikuwa keshawasha. Akazima. Akashuka na ufunguo mkononi, akamwambia kwa adabu kabisa, "Mkuu, kama wewe huwezi kukaa chini, na mimi siwezi kupita juu." Akaenda kujinunulia soda. Kabla jua halijazama Mama Kulwa na wenzake walikuwa wamekata matawi ya miiba kama ya zizi la ng'ombe, wakaziba pande zote mbili. Miiba ipo hadi leo. Wanasema watakuja wakubwa kupima. Wanasema.

Mimi nilifukuzwa pale pale, kwa kuchezea vifaa vya stoo.

Nakasirika hata sasa ninapoandika. Wewe ulipaswa kuwa hapo. Ungeshuka wewe ukayaona, ungevunja lile zege kwa nyundo yako mwenyewe, na mimi ningekuwa nabeba vifusi nikilalamika, siyo kukaa hapa Kahama natafuta kibarua kingine.

Lala, Mama. Au tiririka, sijui nyinyi mnasemaje. Barua hii nitaikunja niipachike kwenye tundu la kutolea maji, daraja la Didia, mkono wa kushoto, maana hilo ndilo kaburi nililolichagua mimi.

Kigoda sikukirudisha stoo. Ninacho. Waking'oa lile zege wakamwaga jingine na kulinywesha inavyotakiwa, nitakwenda hata kama ni kwa miguu, nitakaa katikati kabisa, na nitamwambia Masanja awashe.

Wako,
Salumu wa Newala